Kisahani Juu ya Kabati

Gakwaya hakuwa na gari, wala hakulitamani. Hakuwa na mke, maana Annah alikwishamtangulia. Hakuwa na cheti cha sekondari, ingawa alisoma kamusi kama wenzake wanavyosoma magazeti. Herufi alizipata ukubwani, kwenye darasa la jioni kule Ngara, akiwa na vidole vinavyonuka gundi ya mbao. Hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo alicheka amefunga mdomo, kama mtu wa heshima zake. Hakuwa na mbwa, paka wala kuku, kwa sababu wote hao wana miguu, na miguu huleta uchafu. Hakuwa tena na mjukuu wa kumwita "Sogokuru", yaani babu, asubuhi, na hilo lilimuuma kuliko yote. Na katika nyumba yake ya Kinyinya, Kigali, juu ya kilima ambako malori yanamwaga mchanga tangu kunapopambazuka na maghorofa yanachomoza kama uyoga, Gakwaya hakuwa na vumbi.

Hilo la mwisho alijivunia.

Kila alfajiri alifagia ndani, akafagia uani, kisha akarudi ndani na ndoo na rakleti, ule mpira wenye mpini wa kukamulia maji sakafuni. Ndani ya ndoo alimimina javeli, dawa ile ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu. Chupa ilielekeza kifuniko kimoja. Gakwaya alitia kikombe. Madirisha aliyafunga mwaka mzima ili vumbi jekundu la majenzi lisipate pa kupenya. Mgeni akibisha hodi, harufu ya javeli ndiyo iliyompokea kwanza, mwenyeji akafuata nyuma.

"We muzee," Générose, jirani yake, alizoea kumwambia kutoka upande wa pili wa ua, "unafagia nini tena? Hata vumbi iko na uchovu na wewe."

Générose alikulia Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili chake kilitembea kwa miguu yake chenyewe. Alikuwa mjane, Mkatoliki, na fundi wa pombe ya ndizi. Hakuna harusi mtaani iliyofana bila mitungi yake. Gakwaya, ambaye aliokoka zamani na hakugusa kileo, alimjibu siku zote jibu moja: "Jirani, afadhali vumbi lichoke kuliko mimi nichafuke."

Lakini haikuwa majivuno matupu. Annah alifariki mwaka wa korona, kwa ugonjwa wa kifua ambao Gakwaya hakuwahi kuelezwa vizuri jina lake. Alichosikia kwa madaktari ni neno moja tu: kijidudu. Kijidudu gani, kiliingilia wapi, hakuna aliyemwambia. Basi akaamua kuvipiga vita vijidudu vyote, chumba kwa chumba, kama askari asiyejua adui amevaa sare gani.

Vita hiyo ndiyo iliyomwondolea mjukuu. Mwanawe wa pekee, Audace, alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam, mtu wa kulala barabarani. Mkewe Lillian na binti yao mdogo Kaliza walikaa kwa Gakwaya. Kaliza akaanza kukohoa, kifua kikapiga mluzi usiku kama birika linalotaka kuchemka. Gakwaya akaongeza javeli. Mtoto akazidi kukohoa. Gakwaya akaongeza tena.

Siku moja Lillian alirudi kutoka kwa daktari, akapiga goti kidogo kumsalimia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, daktari ameuliza nyumbani tunasafishia nini. Amesema huenda hiyo javeli ndiyo inayomchoma mtoto kifua. Ameomba tuipunguze na tufungue madirisha."

"Huenda," alisema Gakwaya. "Daktari anayesema huenda ni daktari?"

"Tujaribu tu, Baba. Wiki moja."

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka. "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Wewe uliyekulia Uganda, mkilala na ndama nyumba moja, ndiye wa kunifundisha usafi?"

 Kesho yake Lillian akafunga mizigo, akampeleka Kaliza kwa mama yake mzazi, kule Nyagatare kwa wafugaji.

Tangu hapo walizungumza kwa simu, kwa adabu ya watu wanaopishana kwenye daraja jembamba. "Kaliza hajambo, Baba. Ameshinda na ndama." "Anakohoa?" "Hapana, Baba." Kisha kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme lile neno moja la kupatana, na hakuna aliyelisema. Mtoto aliyekohoa ndani ya nyumba isiyo na chembe ya uchafu alikuwa anapumua vizuri katikati ya mavi ya ng'ombe. Gakwaya aliligeuza jambo hilo kichwani kila upande, kama ubao wenye fundo, wala hakuona pa kuanzia kuukata.

Ndipo Umutoni alipobisha hodi. Alikuwa binti wa chuo kikuu mwenye mkoba mgongoni na kitambulisho kifuani. Alieleza kwamba wao wanapita nyumba kwa nyumba, Kinyinya na Kagugu, wakichunguza vijidudu vinavyoishi ndani ya vumbi la majumbani.

"Basi umepotea njia, mwanangu," alisema Gakwaya kwa fahari. "Hapa hakuna vumbi."

"Kila nyumba ina vumbi, Mzee."

"Pitisha kidole popote unapotaka."

Umutoni akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Kikatoka safi kama kilivyoingia. Akacheka, akapangusa macho yaliyoanza kumtoka machozi, akafungua mkoba na kutoa kisahani cha plastiki chenye mfuniko. Akakiweka wazi juu ya kabati la sebuleni, mahali pasipofikiwa na mtu apitaye.

"Kazi yako ni moja tu, Mzee. Usikiguse. Vumbi litaanguka lenyewe. Nitarudi mwisho wa mwezi kukichukua."

Gakwaya akakubali, maana elimu aliipenda kwa moyo wote. Lakini alfajiri iliyofuata alipopanda kigoda kufuta juu ya kabati, alikiona kile kisahani kimekaa pale kinamtazama. Ndani yake palikuwa na uzi mmoja mwembamba na chembe chache za kijivu. Sahani ya mgeni! Mwenyewe atarudi kuifuata. Ni mtu gani wa Kigali, aliyelelewa na mama yake, atakayemrudishia mgeni sahani chafu? Akachukua kitambaa chenye javeli, akakifuta kisahani taratibu, akakirudisha pale pale. Kesho yake akakifuta tena. Ikawa sehemu ya kazi za asubuhi.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, aibu nyingine ikamjia. Sahani ya watu hairudi tupu. Hilo nalo alifundishwa na mama yake. Ukiletewa maharage, unarudisha hata ndizi mbili. Sasa binti wa watu aliomba vumbi, kitu kidogo kuliko vyote duniani, naye arudishiwe plastiki inayong'aa?

Akashuka Gisozi, kwenye karakana za Agakiriro alikofanya kazi miaka mingi ya ufundi wake wa useremala, akaenda kwa mwenzake wa zamani, Mugenzi.

"Nataka vumbi," alisema Gakwaya.

Mugenzi alizima msumeno. "Unataka nini?"

"Vumbi. La libuyu, mbao ya thamani, lile laini la msasa. Si la mbao za mikaratusi."

"Gakwaya, umri huu wa kwenda kuchagua vumbi! Unaoa?"

"Nipe vumbi, rafiki yangu, uache maneno."

Akapewa la kujaa kiganja, limefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nyumbani akalichekecha kwa chujio la chai ili pasipite hata kibanzi, akalitandaza kwenye kisahani kwa unyoya. Likapendeza, rangi yake kama asali. Umutoni alipokuja alikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Aliangalia ile rangi, akadhani mzee bado anafanyia kazi za useremala nyumbani, akafunika kisahani na kwenda zake.

Majuma yakapita. Umutoni akarudi na karatasi, maana waliahidi kumpa kila mwenye nyumba majibu yake. Siku hiyo Générose alikuwa ameingia kuazima nyundo, na aliposikia neno majibu akasahau nyundo, akavuta kiti.

Umutoni alikohoa kidogo. "Mzee, nakuomba usikasirike. Humu ndani anaishi mtu?"

"Na mimi ni nani? Picha?"

"Kwa kawaida tunakuta vijidudu vya ngozi ya watu, vya vinywa vyao, vya udongo wa viatu. Humu hakuna, au ni kama hakuna. Tumekuta kuvu wa mbao. Kwa mujibu wa karatasi hii, Mzee, nyumba hii wamepanga mbao."

Générose akapiga makofi. "Heee! Miaka yote najua iko na jirani, kumbe iko na kabati!"

Gakwaya hakucheka. Neno hilo la mbao lilimpata kifuani. "Unasema vijidudu vya watu. Mtu safi anavyo?"

"Kila mtu anavyo, Mzee. Unatembea navyo kama mchungaji na kundi lake. Ukikaa kitini unaacha baadhi, ukijikuna, ukicheka, ukipiga chafya. Vinaanguka, vinachanganyika na nyuzi za nguo na udongo, na hilo ndilo vumbi. Vingi havidhuru mtu. Vichache vinadhuru, na hivyo madaktari wanapambana navyo. Lakini vumbi la nyumba ni kama sura ya watu wake. Tukilichunguza tunaweza kukisia kama nyumba ina wanawake, wanaume, mbwa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye hasa! Anakaa chini, anaingiza udongo, anashika kila kitu."

"Akiondoka?"

"Alama zake zinafifia. Polepole."

"Na kama kuna mtu anazifuta kila asubuhi?"

Umutoni aliiangalia sakafu inayong'aa, kisha akaangalia viatu vyake. 

Gakwaya akageuza shingo kuelekea ukuta wa karibu na mlango, usawa wa kiuno. Pale zamani palikuwa na alama ya kiganja kidogo, ya mafuta ya ndizi za kukaanga, Kaliza alipojishikilia akivaa viatu. Gakwaya aliifuta siku ile ile walipoondoka. Alisugua mpaka rangi ya ukuta ikaanza kutoka. Wakati ule alijiona mshindi.

"Lile vumbi," alisema mwishowe, na maneno yalitoka kama misumari iliyopinda, "nililiazima Gisozi. Lako nilikuwa nalifuta kila siku. Niliona haya kukurudishia sahani chafu."

"Uliliazima?"

"Nikalichekecha kwa chujio la chai."

Générose aliteremka kutoka kitini mpaka sakafuni, akicheka na kujishika mbavu. "Vumbi ya kuchekecha! Yesu na Mariya! Muzee, Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na wewe hata vumbi unaificha?" Umutoni naye akashindwa, akacheka mpaka karatasi ikamwanguka. Gakwaya alikaa wima akiwatazama, halafu akasahau kufunga mdomo, na pengo lake la meno mawili likaonekana na watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Kicheko kilipotulia, akauliza swali alilolibeba kwa miezi. Akamweleza Umutoni habari za Kaliza, mluzi wa kifua, na maneno ya daktari. Hakuficha hata alichomjibu mkwewe.

"Mimi si daktari," alisema Umutoni. "Na vumbi nalo lina vidudu vyake vinavyowasumbua wenye pumu, nisikudanganye. Mashuka yafuliwe, godoro lianikwe. Lakini, Mzee, mimi ni mtu mzima na kila nikiingia hapa natoka machozi. Unafikiri nalilia nini?"

Gakwaya aliinua macho juu ya kabati. "Una kisahani kingine?"

"Ninacho. Lakini hiki usikifute."

"Mwanangu, nilisoma herufi nikiwa na ndevu. Hata hili nitalisoma."

Haikuwa kazi nyepesi. Asubuhi ya kwanza aliposhika ndoo bila javeli, mkono ulimwasha kama wa mlevi aliyenyang'anywa kikombe. Akatumia maji na sabuni, basi. Chupa ya javeli akaipeleka msalani na kuifundisha adabu: kifuniko kimoja, kama ilivyoandikwa. Madirisha yalikuwa yamegandiana na fremu. Ilimlazimu kuyafungua kwa tupa na mafuta, akitumia ufundi wake dhidi ya mikono yake mwenyewe. Upepo wa kilimani ukaingia na sauti za wajenzi, na harufu ya ndizi zinazoiva kwa Générose, na kipepeo mmoja asiyejua kutoka. Akatoa godoro dogo la Kaliza, akalianika juani, akaligeuza kama mtu ageuzaye chapati.

Kila asubuhi alipanda kigoda kukiangalia kisahani, mikono ameifunga nyuma ya mgongo ili isije ikafanya ujinga. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha utando mwepesi, kijivu, kama ukungu wa bondeni. Mchana mmoja jua liliingia kwa upenyo wa dirisha, na ndani ya ule mwale Gakwaya akaona maelfu ya chembe zikielea, zikipanda na kushuka bila haraka. Zamani angekimbilia kitambaa. Siku hiyo alivuta kiti, akazitazama. Baadhi yazo ni mimi, aliwaza. Na huenda, nyuma ya kabati nisikofika, bado kuna chembe ya Annah. Wazo hilo halikumtisha. Lilimfariji, kama kusikia mtu akijongea chumba cha pili.

Na harufu ya javeli ikaondoka. Hakujua siku ilipoondoka. Alijua tu kwamba Générose aliingia, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sasa hapa iko nyumba. Zamani ilikuwa hospitali bila muganga."

Majibu ya pili Umutoni aliyaleta mwenyewe, akitabasamu tangu langoni. "Nyumba ina mtu, Mzee! Kuna vijidudu vya ngozi, vya udongo, vya majani. Ni vumbi la kawaida kabisa, kama la watu. Ila kuna kimoja kimetushangaza. Chachu. Ile ya kuchachusha pombe. Nyingi sana."

Gakwaya akamgeukia Générose polepole.

"Upepo!" Générose akainua mikono juu. "Mimi sikuleta! Upepo ndiyo ilileta! Haki ya Mungu, muzee, wewe uliokoka lakini nyumba yako inakunywa!"

Waliposhiba kucheka, Gakwaya aliomba aonyeshwe mahali palipoandikwa habari ya watu. Umutoni akamwonyesha. "Hapa. Dalili za mtu mmoja."

"Mmoja," alirudia Gakwaya, na akakaa na neno hilo mpaka wageni wakaaga.

Jioni hiyo aliketi mezani na karatasi. Simu ilikuwepo, lakini simu alikwishaijua: ina kimya kingi, na kimya kikimbana angeanza tena kuuliza habari za ndama. Barua haikupi nafasi ya kukimbia. Mwalimu wa Ngara alimfundisha kwamba barua huanza kwa salamu ndefu. Gakwaya akaandika salamu ya ukurasa mzima, akaisoma, akaona ni ukuta aliojenga ili ajifiche nyuma yake. Akaichana. Akaandika upya:

"Mwanangu Lillian,

Ulisema kweli na mimi nilikutukana. Daktari naye alisema kweli. Nimeacha javeli, nimefungua madirisha, godoro la Kaliza nimelianika. Sikuombi umlete mtoto kwa neno langu tu. Njoo kwanza wewe peke yako, ukae ndani, uvute pumzi, ukague nyumba nzima kwa pua yako. Ukiona haifai, nitakusindikiza kituoni bila neno. Ukiona inafaa, mlete, na aje na viatu vyake vya zizini. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye mwenyeji, na ninyi si wageni.

Kuhusu ndama, niliyasema kwa kiburi. Mama yako amelea vizuri kuliko mimi.

Baba yako, Gakwaya."

Alipofika kwenye sentensi ya ndama kalamu ilikuwa imesita, akanyanyuka, akafungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi, akarudi, akaiandika.

Asubuhi akapanda pikipiki kwenda Nyabugogo, kwenye mabasi ya kwenda Nyagatare yanayobeba watu na bahasha. Dereva akampa kofia ya abiria, ile inayovaliwa na kila kichwa cha Kigali. Tangu Annah afariki Gakwaya alikuwa akitembea kwa miguu ili asiivae. Akaiangalia ndani, akamwaza mchungaji na kundi lake, akaivaa na kufunga kamba.

Msichana wa dirishani kwenye ofisi ya mabasi aliitazama bahasha. "Mzee, si umpigie tu? Au tuma ujumbe."

"Hili si la kupiga, binti. Hili ni la kufika."

"Basi ifunge. Tuna gundi ya karatasi hapa, au nikupe kitambaa kilicholowa?"

Kwa miaka hakuwahi kufunga bahasha ila kwa kitambaa kilicholowa. Alikitazama, akatikisa kichwa. Akainua bahasha mdomoni na kuilamba ukingo mzima, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, msichana akimtolea macho. Akaibana kwa kidole gumba. Mle ndani sasa zilikuwamo salamu zake mbili: zile za wino, na zile zisizoonekana, maelfu kwa maelfu, ambazo Kaliza angezishika kwa viganja vyake kabla hajajua kusoma.

"Andika jina la mpokeaji," alisema msichana.

Akaandika: *Lillian Mugeni, Nyagatare*. Chini yake, kwa herufi kubwa za darasa la jioni, akaongeza: *na Kaliza*. Akaipitisha chini ya kioo, na akasimama pale mpaka alipoiona bahasha ikiingia kwenye basi.